Sala za Upande wa Pili wa Ukuta

Nyumba za kambi yetu ya shamba la ngano zilijengwa mbilimbili, familia mbili ukuta mmoja. Aliyezichora hakuwahi kulala ndani yake. Angelala angejua kwamba jirani akikohoa, wewe ndiye unayeamka. Upande huu nilikaa mimi, Tomaso, na binti yangu Fabiola. Upande wa pili alikaa Patriki na mkewe Scolastica. Kila jioni ilipofika saa ya rozari nilibaki kwenye kigoda changu, nimeutazama ukuta, na ukuta unanisomea sala za watu.

Ilitangulia sauti ya Patriki, nzito, sauti ya mtu anayejisikiliza. Halafu waliitikia wote kwa pamoja, na katikati yao nilisikia sauti ya mwanangu. Ningeitambua hata kwenye mnada wa ng'ombe. Sauti hiyo ilikuwa ya nyumba yangu, lakini ilikuwa inapasha joto nyumba ya mwenzangu. Sikuweza kuvumilia hadi mwisho. Wakimaliza fungu la kwanza tu, mimi nachukua koti, natoka, natembea mpaka karakana na kurudi polepole, ili nikifika wawe wameshanyamaza. Siku zote ndivyo nilivyofanya.

Mtu atasema, Tomaso, ulimwonea Patriki wivu. Ndiyo. Na sababu ninayo.

Sisi wote wawili ni Wairaqw, tulitoka Tlawi, tukashuka huku uwandani kutafuta kazi shamba lilipofunguliwa. Mimi nilipewa kopo la grisi, na grisi hiyo sijatoka nayo mpaka leo. Patriki, aliyenizidi madarasa mawili tu, akawa msimamizi wa karakana. Padre alikuja mara chache, kwa hiyo Jumapili zingine Patriki ndiye aliyesalisha ghalani, kati ya magunia, na watu wakaanza kumwita Mwalimu. Sawa. Nilimwita Mwalimu na mimi.

Halafu mke wangu Justina akashikwa na homa. Patriki alikuja, akapiga magoti kando ya kitanda, akasali vizuri mpaka nikatokwa na machozi. Mimi nilikwenda kwa meneja kuomba Landrova impeleke hospitali. Meneja alikuwa anachana nywele. Akasema gari ni la kazi, lina safari. Safari yenyewe ilikuwa kupeleka wageni wake ziwani Basotu kutazama viboko! Nikarudi kwa miguu, nikasali mimi mwenyewe, nikaahidi kila kitu ambacho mtu maskini anaweza kuahidi. Alfajiri Justina akafa.

Landrova ilirudi siku hiyo mchana. Scolastica naye alikuwa ameshikwa na homa ileile. Yeye akapandishwa, kwa kuwa ni mke wa msimamizi, na akarudi mzima, amenenepa kidogo. Jumapili moja akasimama ghalani kumshukuru Mungu, na Patriki akasema, "Ndugu zangu, sala ina nguvu." Watu wote wakageuka kunitazama, halafu wakajidai hawakunitazama. Sala ina nguvu! Mimi nilisali nini, nilikohoa? Tangu siku ile sikufungua kinywa mbele ya Mungu. Jina la Justina pia nikaliacha. Nikaweka sufuria zake juu ya kabati, nikageuza khanga zake ndani nje, na tukaishi, mimi na mtoto, kama watu wanaosubiri basi.

Fabiola alivumilia mwezi mmoja hivi. Kisha akaanza kwenda upande wa pili. Mwanzo alisema anakwenda kuomba moto. Baadaye akaacha kusingizia.

Mwaka huo ninaousimulia, ngano ilikuwa bado imesimama shambani mpaka mwisho wa Oktoba. Si kosa la ngano. Kombaini mbili za kuvunia zilikuwa zimekufa, zinangoja mikanda kutoka Arusha, na mikanda inangoja sahihi ya mkubwa fulani, na mkubwa yuko semina. Mawingu yakaanza kukaa juu ya mlima Hanang. Ngano iliyokauka ikinyeshewa inaota kwenye suke palepale, na hapo hata kuku wanaidharau. Meneja akatukusanya karakana.

"Ndugu wafanyakazi, hali ya hewa haieleweki," alisema. "Mwalimu Patriki, huu si ndio mwezi wenu wa rozari? Hebu watu wako wamwombe Mungu aizuie mvua mpaka tumalize."

Nikauliza kutoka nyuma, "Na mkanda wa kombaini tumwombe nani?"

Watu walicheka. Meneja hakucheka. Patriki aliinamisha kichwa akasema, "Tutaomba, mzee." Alivyoinama! Kama mtu anayepokea zawadi.

Jioni akanifuata mlangoni kwangu.

"Baba Fabiola, hujambo?"

"Sijambo."

"Njoo leo tusali pamoja. Kuna neno lako pale kwetu."

"Neno langu nilishalisema. Halikufika."

"Tomaso, sala si barua."

"Yako ilijibiwa, Mwalimu. Kwa Landrova."

Alivua kofia, akaishika kifuani. Ningependa anijibu vibaya ili tupigane. Akasema tu, "Mlango uko wazi," akaondoka. Fabiola akatoka nyuma yangu na rozari ya mama yake mkononi.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kusali, baba."

"Hapa hakuna Mungu?"

Alinitazama kama vile nimemuuliza kama hapa hakuna chumvi. "Hapa hakuna anayeitikia," akasema, akaenda.

 Nikajua kwamba ikiwa Mungu atazuia mvua kwa sala za Patriki, basi nimekwisha. Mtoto hatarudi tena kwangu, si kwa moyo wake. Atakuwa wa kwao, na mimi nitabaki mtu wa kumlisha. Nilitaka Patriki ashindwe, kwa uwazi, mbele ya watu wote, na Fabiola aone.

Sasa, wenzetu Wabarabaig, wafugaji wa uwanda ule, nao walikuwa na shida yao. Malisho mazuri yalikuwa yamelimwa ngano. Ng'ombe wao walikuwa wamebaki ngozi na pembe. Gidahosh, aliyekuwa ananiletea maziwa, aliniambia kwamba wanawake wao watatoka kumwimbia Mungu alete mvua. Nikafurahi mpaka akashangaa.

"Nitakwenda nao," nikasema.

"Wewe? Hapana, Mwiraqw. Hiyo ni sala ya wanawake. Hata mimi, mwenye mke na binti humo, nakaa nyumbani kimya. Mwanamume akiingia pale anaiharibu."

"Mungu anachagua sketi?"

"Mungu sijui. Wanawake nawajua," alisema Gidahosh. "Usiende."

Nilikwenda. Walikuwa wamekusanyika ukingoni mwa shamba, ngano upande mmoja, vumbi upande mwingine, wanawake wengi katika sketi zao za ngozi, fimbo mkononi, wengine wameshika majani mabichi ambayo sijui waliyapata wapi katika ukame ule. Wimbo wao ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu anayembembeleza mkubwa aliyekasirika. Nikapenya, nikachomoa jani kwa mmoja wao, nikasimama katikati yao. Wimbo ukakatika.

Mke wa Gidahosh, mama mrefu mwenye bangili mpaka kwenye kiwiko, akanijia.

"Wewe mwanamume, umepotea njia au umepotea akili?"

"Nimekuja kuomba mvua, mama. Inyeshe sana. Ngano yote ioze, Patriki wa kambini asiweze tena kufungua kinywa."

Akawatafsiria wenzake. Walicheka kicheko kikubwa, halafu kikaisha ghafla.

"Sisi tunaomba ng'ombe wanywe," akasema. "Patriki ni ng'ombe?"

Wakacheka tena.

"Unakuja kwenye sala yetu na mtu moyoni kama mwiba kwenye kwato. Mungu akituangalia atamwona nani, sisi au Patriki wako? Toka. Tungekutoza dume jeusi kwa kutuharibia, ila tukikuangalia, hata kuku huna. Unaye mke?"

"Alikufa."

Hakuwatafsiria hilo. Alinitazama kidogo, akalichukua jani mkononi mwangu. "Basi nenda ukamlilie. Ukimaliza kumlilia, ndipo uje kulalamika." Akanisukuma kwa ncha ya fimbo begani, si kwa nguvu, lakini nilitoka mbio, na nyuma yangu wimbo ukaanza upya kama vile sikuwahi kufika.

Mvua ilinyesha katika juma lile la watakatifu wote. Haikunyesha kwa aibu. Ilipiga mabati mchana kutwa, na kutoka karakana tuliiona ngano ikilala chini, eneo baada ya eneo. Meneja alisimama kwenye matope na viatu vyake vya mjini. Alihitaji mtu wa kumpigia kelele, na yule wa mikanda alikuwa Arusha, kwa hiyo akampigia Patriki.

"Hizo sala zenu za kila siku! Mnawachosha watu usiku, mchana wanasinzia kazini! Kuanzia leo wewe si msimamizi. Chukua spana kama wenzako."

Patriki alisema, "Sawa, mzee," akavua ufunguo wa stoo shingoni, akampa. Maji ya mvua yalikuwa yanamtiririka usoni. Nilikuwa nimeomba jambo hilihili, na nikalipata lote bila kupunguzwa. Nilikwenda nyumbani nikitembea katikati ya mvua kama bwana harusi.

Nikamkuta Fabiola analia.

"Unalia nini? Njaa?"

"Wamemfukuza Mwalimu."

"Hawajamfukuza. Wamempa spana. Mimi nina grisi miaka yote hii, umewahi kunililia?"

Akaficha uso kwenye magoti. Furaha yangu ikaanza kunywea. Nikasema kwa ukali, maana wivu ukizidi hauna heshima hata kwa mtoto, "Wamekupa nini watu wale? Niambie. Ni chai? Ni sukari? Sauti yake nzuri?"

"Wanamtaja mama."

"Mama nani?"

"Mama Justina!" Alilitamka kwa nguvu, akanitazama kuona kama nitampiga. "Kila siku, mwisho wa rozari. Mama Scolastica ndiye anaanza. Anasema, Justina, gari lilikuwa lako, nikapanda mimi. Halafu analia. Halafu Mwalimu anasema, Justina wa Tlawi, mke wa Tomaso, mama wa Fabiola. Sisi tunaitikia, apumzike kwa amani. Kila siku, baba. Hapa kwetu hatajwi. Mimi nilianza kusahau sauti yake alivyokuwa ananiita."

Mwisho wa rozari. Wakati ambao mimi nilikuwa karakana, nimevaa koti, natembea polepole ili wanyamaze.

 Niliona uchungu mpya, mbaya kuliko ule wa kwanza. Hata kumlilia mke wangu, Patriki alikuwa amenitangulia. Alichukua gari, alichukua mtoto, na jioni, nikiwa natembea gizani na koti langu, alikuwa anamlea marehemu wangu. Na meneja yule anayechana nywele, yeye hakumtaja Justina hata mara moja. Mwenye deni la kumtaja ni yeye.

Mvua ilizidi. Upande wa pili palikuwa kimya. Siku ile hawakuanza rozari. Fabiola alisikiliza ukuta, akasubiri, kisha akaiweka rozari ya mama yake mezani, katikati yetu.

Mafungu ya rozari nilikuwa nimeyasahau nusu. Lakini kwetu Tlawi, wazee wakimaliza pombe ya mtama, mmoja husimama akatoa maneno ya kuombea nchi, na wengine wanaitikia kila neno, mpaka nyumba nzima inakuwa kinywa kimoja. Baba yangu alijua kusimama. Nikasimama.

"Justina," nikasema. Jina lilitoka kama mlango uliovimba kwa mvua. "Justina, mke wangu."

Fabiola akainua kichwa. "Apumzike," akaitikia.

"Homa iliyokuchukua iondoke katika nchi hii."

"Iondoke."

"Aliyekunyima gari asiwe na raha."

Alisita, akaniangalia, lakini akaitikia. "Asiwe na raha."

"Viboko wa Basotu wamtokee ndotoni kila siku."

Hapo mtoto akacheka, machozi bado usoni, na mimi nikacheka, na jina la mama yake lilikuwa chumbani mle kama mtu aliyerudi kutoka sokoni. Nikaendelea. Nikataja sufuria zake, nikataja alivyomwita Fabiola kwa kuvuta neno mpaka ng'ambo ya bonde, nikamwonyesha mtoto jinsi alivyovuta, na yeye akajaribu. Nikaombea mahindi ya kwetu, ng'ombe wa Gidahosh waliokuwa wanakunywa wakati ule. Kila neno lilipata mwitikio wake. Sikuwa nimeitikiwa tangu alfajiri ile.

Kisha Fabiola akasimama.

"Na mimi," akasema. "Mwalimu Patriki na mama Scolastica, wasikae na huzuni."

Akanitazama, ananisubiri niitikie.

Nilitazama ukuta. Upande wa pili mtu alikohoa. Niliwaza Landrova, niliwaza kofia kifuani, niliwaza kwamba sauti ya mtu yule ingali nzuri kuliko yangu, na kwamba kesho mtoto ataweza kwenda tena kule, kwa kuwa mlango uko wazi. Sala yangu ilikuwa imesimama katikati ya chumba haina pa kwenda. Nisipoitikia, itakuwa imekufa hapo, na jina la Justina ndani yake.

"Wasikae," nikasema.

Nililisema chini, kwa mdomo uliofungwa nusu, ili wa upande wa pili wasisikie wakadhani nimewasamehe.