Mlingoti Mwekundu

Mlingoti mwekundu ulikuwa umelala juu ya kokoto, pale mto wa barafu unapoishia na maji ya kijivu kuchuruzika kutoka chini yake. Mpimaji wa barafu aliuona kwa mbali. Akatupa begi akakimbia, yeye na magoti yake mabovu, akateleza, akaanguka, akainuka bila kujipangusa. Alipofika alizunguka kila jiwe. Aliinama akachungulia chini ya ukingo wa barafu. Akamwita mumewe kwa jina, kwanza kwa aibu, kisha kwa sauti ya mtu anayemwita mwenziwe aje mezani. Maji yaliendelea kupita.

Mlingoti huo aliuchomeka mwenyewe huko juu, kando ya ufa uliommeza mumewe, wakati wote wawili walikuwa wapimaji na binti yao hajaota meno. Kila kiangazi jua lilipoyeyusha barafu na mlingoti ukaanguka, alitoboa tundu pale pale ulipoangukia, akausimamisha tena. Barafu iliuteremsha taratibu, mwaka nenda mwaka rudi, naye akajiambia kwamba siku utakapofika chini, mume naye atakuwa amefika. Kwa kungoja huko alikosa harusi ya bintiye. Sasa binti alikuwa mja mzito aliyekaribia kujifungua, na jana alimwambia kwenye redio ya upepo bila kumung'unya maneno: "Gari la kesho kutwa lisipokuleta, mama, basi usije tena."

Aliuburuta mlingoti hadi jikoni, kwenye kituo cha utafiti wa barafu. Mpishi, aliyekuwa rafiki wa marehemu na mtu asiyeishiwa maneno, aligeuka na mwiko mkononi.

"Shemeji, mbona umekuwa hivyo? Umekutana na mzuka?"

"Heri ningekutana naye. Mlingoti umefika. Yeye hayupo."

Mpishi aligeukia sufuria yake. Kwa kukosa la kufanya, akamimina uji mzito wa shayiri kwenye sinia, nalo lilikuwa limeegemea kopo, limeinama. Uji ukaanza kuteremka. Wa juu ulitangulia, ukajikunja mbele. Wa chini uling'ang'ania bati.

Mpimaji aliutazama uji huo. Kwa sinia hilo hilo alikuwa akiwafundisha wanafunzi kila msimu: theluji huanguka juu ya theluji isiyoyeyuka, ya juu ikaikandamiza ya chini mpaka hewa karibu yote ikatoka, ikawa barafu ngumu, na uzito wake wenyewe ukaiteremsha mlimani. Ila haiendi yote sawasawa. Ya juu hutangulia, ya chini hujikokota ikikwaruza mwamba. Mwanafunzi aliyesahau hilo alifokewa mbele ya wenzake. Na mumewe alianguka chini kabisa, kwenye mwamba. Alijua. Siku zote alijua, jamani, na hakutaka kujua.

"Nimefuata mlingoti," alisema, na machozi yakamtoka. "Mtu mzima mimi, nimefuata kijiti miaka yote hii."

"Sasa yeye atatoka lini?"

"Mimi na wewe hatutakuwepo."

Mpishi akavuta kiti, akaketi karibu naye. Hakumwambia anyamaze. Uji ulipoa.

Redio ilikoroma baada ya chakula cha mchana, kama kawaida.

"Mama? Baba ametoka?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya binti tangu alipojua kusema.

"Hajatoka. Yuko njiani, anakuja polepole. Mimi natangulia."

"Unatangulia wapi?"

"Kwako. Nashuka na gari la kesho."

Redio ilikwaruza, Mpishi akaigonga akidhani inakufa. Kisha binti alisikika akivuta kamasi.

"Usinidanganye, mama."

"Sikudanganyi."

"Na baba akitoka, nani atampokea?"

Mpimaji alitazama tumbo lake mwenyewe, lililokwisha kusinyaa chini ya sweta, kisha mlingoti uliokuwa ukichuruzika maji sakafuni.

"Huyo uliyembeba, Mungu akipenda," alisema. "Ndiyo maana nataka nimwahi. Nimweleze sura ya babu yake kabla sijaisahau."

Mpishi aliuokota mlingoti, akaufuta kwa aproni yake, akaanza kutafuta mahali pa kuuweka.