Waombaji Walewale

Kila Jumapili baada ya ibada, maharage yakiwa bado yanatokota na kipande chake cha nguruwe, simu ya Ardith Caudill ililia, na mumewe Denver alisema lilelile: "Haya, mzee wa asilimia huyo. Mpe salamu zangu, asilimia mia."

Mzee mwenyewe hata ndevu hazijakolea. Aliitwa Garen Petrosyan, kijana wa California, na Ardith alikutana naye siku ya usaili kwenye chuo cha osteopathi kilichoko ng'ambo ya mlima wao, huku mashariki ya Kentucky. Chuo hicho kinatoa madaktari kamili, wa kuandika dawa na kupasua kama madaktari wengine wowote, ila juu ya hayo wanafundishwa pia kutibu kwa mikono, kupapasa mgongo na kunyoosha kilichopinda. Vyuo vya namna hiyo viko nchi nzima, na Garen alivijua vyote: kipi kimeombwa na watu wangapi, kipi kimeita wangapi, kipi kimechukua wangapi. Siku ile wenzake walikuwa wanatetemeka kwenye viti, yeye anawagawia takwimu kama peremende. Ardith alikuwa na miaka thelathini na moja, kazi yake kutoa watu damu kwenye maabara ya hospitali, na aliona kabisa kwamba huyu mtoto anaropoka kwa sababu anaogopa kuliko wote. Akamkalisha karibu naye, akamtania mpaka akacheka. Urafiki ukaanzia hapo.

Majibu yalipotoka, Garen alikubaliwa. Ardith akawekwa kwenye orodha ya akiba, yaani hujakataliwa wala hujakubaliwa, umening'inia tu kama nguo kwenye kamba. Na hakuwa ameomba chuo kingine. Aombe wapi? Denver ana kazi yake ya kutengeneza mabasi ya shule, mama yake Ardith anaishi nyumba ya pili na magoti yake mabovu, na Dokta Sizemore, daktari pekee wa bonde lao, alishasema anastaafu na zahanati anamsubirishia Ardith. Akikikosa chuo hicho, ndoto ya udaktari ndiyo basi, na bonde libaki bila daktari. Alilijua hilo akipika, alilijua akifua.

Basi Jumapili moja ya Aprili, simu ikalia.

"Dada Ardith, umekaa?"

"Nakoroga maharage. Sema."

"Kile chuo kikubwa cha pwani ya mashariki kimevunja rekodi. Waombaji elfu tisa, dada! Elfu tisa! Na wanachukua kiduchu."

"Na chetu?"

Garen akasita kwa adabu. "Chenu hakijafika hata nusu yake, elfu nne tu. Kwenye jedwali langu kiko cha tatu kutoka chini. Usikasirike."

"Nikasirike kwa lipi? Mimi hata hicho cha tatu kutoka chini sijaingia."

Garen akacheka, kisha akaona haya, na mtu akiona haya huongea zaidi. Akaeleza kwamba yeye mpaka sasa ana nafasi kwenye vyuo vitatu, hicho cha mlimani kikiwemo, na anasubiri jibu la kile kikubwa. Taratibu zinaruhusu kuzishika zote kwa muda.

"Kwani wewe uliomba vingapi?" Ardith akauliza.

"Kumi na tisa."

"Mungu wangu! Na rafiki zako?"

"Hivyohivyo. Wengine wamenizidi. Fomu si ni moja tu, unaongeza majina ya vyuo."

Mwiko ukasimama. Ardith akautazama ukuta wa jiko kana kwamba kuna mtu ameandika kitu pale.

"Hebu ngoja. Hao elfu tisa wa kule na hao elfu nne wa huku, si watu walewale?"

"Eh... kwa kiasi fulani, ndiyo."

"Yaani hayo majedwali yamekuhesabu wewe mara kumi na tisa!"

"Ukilisema hivyo linakuwa kama mazingaombwe."

"Mazingaombwe gani? Ni foleni hiyo! Mnajipanga kila mlango, halafu mnatishana jinsi mlango ulivyo na watu. Mkishaingia mnashika nafasi tatutatu, na sisi tulio nje tunaambiwa, poleni, ushindani mkali."

Denver akachungulia jikoni, akaona uso wa mkewe, akarudi alikotoka.

"Nikwambie kitu, mdogo wangu," Ardith akaendelea, na sasa sauti ilishapanda. "Huku kanisani tukiwa na chakula cha pamoja, meza zinapangwa uwanjani, kila mama na chungu chake. Hakuna anayegusa sahani ya pili kabla mtu wa mwisho hajapata ya kwanza. Hata mchungaji! Mjomba wangu alijisahau mara moja tu, mimi sijazaliwa, na mpaka leo mji mzima unamwita Sahani Mbili. Wewe unazo tatu, na unainua shingo kutafuta ya nne."

Garen akauliza, sauti ikiwa imenywea: "Unaniomba niachie nafasi?"

"Siombi! Nakueleza tunavyokula!" Akakata simu.

Watu wa milimani hawaombi. Watakufa na njaa huku wanakukaribisha chai. Ardith alikaa mezani, aibu imemvaa kichwani mpaka miguuni.

"Umemwomba," Denver akasema mlangoni.

"Sijamwomba!"

"Umemwomba kwa kelele, mke wangu."

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Walikula wakisikia saa ya ukutani, na mwisho Denver mwenyewe akakubali kwamba maharage bila asilimia hayana ladha. Ardith hakucheka. Alikuwa amemkosea mtoto wa watu aliyempigia kwa upendo, na nafasi bado hakuipata.

Katikati ya juma alikuwa maabara anahangaika na mkono wa Mzee Estill Napier, mchimba makaa mstaafu mwenye mishipa mikaidi kama yeye mwenyewe, simu ikatetemeka mfukoni.

"Pokea, binti. Mshipa wenyewe umeshakimbia."

"Haukimbii. Tulia."

Akaupata, akajaza vichupa, akabandika plasta, ndipo akatoka hadi koridoni na kupiga ile namba. Mwanamke wa chuo akamwambia nafasi imepatikana, je, bado anaitaka? Ardith akaitika "Ndiyo!" kwa sauti iliyogeuza vichwa. Kisha akaketi juu ya kapu la mashuka machafu akalia, kilio cha furaha, kamasi na yote.

"Nani kafa?" Mzee Estill akapaza sauti kutoka ndani.

"Hakuna! Nimepata chuo!"

"Sasa unalilia nini? Njoo uibandue hii plasta, inavuta malaika ya mkono."

Jioni, kabla hata ya kuvua viatu vya kazi, alimpigia Garen.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilikugombeza kama mwanangu wa kumzaa. Na ahsante. Sitasahau mpaka naingia kaburini."

"Ahsante ya nini?"

"Ya nafasi, si uliiachia?"

"Dada," Garen akasema taratibu, "hiyo sijaiachia. Niliachia zile mbili nyingine, siku ileile, nikiwa bado na hasira na wewe. Halafu Ijumaa kile kikubwa kikanikubali."

"Hongera!"

"Nimekikataa."

"We! Umerogwa?"

"Mama naye kauliza hivyohivyo. Nimefanya usaili vyuo kumi na kimoja, dada. Kote walinichekea. Wewe peke yako ulinigombeza kama ndugu. Nikasema, kama ndivyo watu wa huko walivyo, ndiko nitakakosoma. Nilishindwa tu kupiga simu. Niliona aibu."

Ardith akaegemea friji.

"Sasa yangu imetoka kwa nani?" akauliza.

"Sijui. Majedwali hayasemi. Ni mtu tu, mahali fulani."

Usiku ule mama yake Ardith alikuja kula nao. Wakashikana mikono, Denver akainamisha kichwa akaombea chakula, akamwombea Garen safari njema. "Na yule mwingine, Bwana," akasema, "jina lake hatulijui. Umfungulie mlango huko alikokwenda."

Ardith alibaki ameinama, bado anamfikiria mtu huyo, amina ikampita. Mama yake akamwitikia, kisha akamkaza mkono.

"Kula, Dokta," akasema. "Mkate unapoa."