Pilau Mkiani mwa Ndege

Babu yangu Okidi aliondoka jeshini miaka ishirini na miwili iliyopita, lakini jeshi halijaondoka kwake. Mpaka leo hutandika kitanda kama anayesubiri kukaguliwa, na ukimpa chai ya vuguvugu unaweza kushtakiwa. Basi aliposikia kwamba ndege ya jeshi aliyokuwa akiipakia mizigo imenunuliwa kama chuma chakavu, ikawekwa kiwanjani Kisugu iwe hoteli ya pilau, alipiga viatu rangi akanitangulia mlangoni. Alitaka kazi humo. Hata ulinzi tu. Kukaa bure nyumbani Bukoto kunamzeesha kuliko miaka yenyewe.

Mwenye hoteli, Mama Safinah, alitupokea kwa heshima, kisha akasema walinzi ameshapata, vijana wenye magoti mazima. Ila siku hiyo palikuwa na dua ya ufunguzi, tusiondoke bila kula.

Babu akapanda ngazi ya mkiani taratibu, akipapasa ukuta kama mtu anayemsalimu ng'ombe wake. Nilikuwa na utani tayari endapo angelia. Hakulia. Alikuwa akitazama jiko, friji mbili na mapipa ya maji, vyote vimepangwa mkiani. Aliuliza injini ziko wapi. Ziliuzwa, akajibiwa. Hata viti vya marubani. Akaninong'oneza kwamba mbele hakuna kitu, nyuma kuna kila kitu. Nikamwambia ndivyo wanavyopendwa mabibi harusi wa Kampala. Hakucheka.

Sheikh alipomaliza dua, ukoo mzima wa Mama Safinah ukaelekea kwenye pilau. Sakafu ikainama upande wa mkia. Mtu aliyekuwa nje akapiga kelele kwamba gurudumu la mbele limeacha ardhi. Watu wakataka kutoka, na ngazi ilikuwa hukohuko mkiani.

"Simama." Alikuwa Babu, kwa Kiswahili cha jeshini na sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani. "Hapana kimbia. Nyuma hapana. Kuja mbele, moja moja. Mama wewe mnene, anza wewe."

Aliyeambiwa, shangazi yake Mama Safinah, alimkodolea macho, maana mtu wa heshima haambiwi hivyo mbele ya sheikh. Lakini alikwenda. Wengine wakamfuata, sakafu ikarudi polepole mpaka gurudumu likatua. Babu akaamuru vijana wa nje wapange matofali chini ya mkia, ndipo akaruhusu watu kushuka.

Mama Safinah alimfuata.

"Mzee, mlinzi sihitaji," akasema. "Nahitaji mtu wa kuniambia kila kitu kikae wapi."

Babu aliomba kalamu. Akachora ndege kwenye kipande cha boksi, jiko akalihamishia katikati, juu ya magurudumu makubwa. Kisha akamwuliza, bila haya, yeye mwenyewe ana kilo ngapi.

Nikatazama pembeni. Mama Safinah akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akamnong'oneza sikioni. Babu akaandika, akaniambia nirudi nyumbani peke yangu. Yeye yuko kazini.