Pale Walipozikwa Ng'ombe Saba

Kidonda kilikuwa cheusi kama mkaa, pembeni ya kidole gumba, na mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko.

"Unaumia?" akauliza Daktari Atusaye, akikibonyeza.

"Siumii hata kidogo, mama," nikajibu kwa majigambo.

"Hicho ndicho kinachonitia hofu."

Ana miaka sabini na mitatu. Alikuja kutoka Mbeya kabla sijazaliwa, na hadubini moja kwenye sanduku la mbao, akawa mtu wa kwanza kuotesha bakteria maabarani kwenye uwanda wetu. Sasa amestaafu, anaishi Katandala, pale mjini. Zahanati walinichoma sindano ya kwanza, wakanipeleka kwake kwa sababu ugonjwa wenyewe waliusoma vitabuni tu.

Alichukua majimaji ya kidonda, akayapaka kwenye kioo, akayatia rangi, akaniita nichungulie. Niliona vijiti vya zambarau vimeungana ncha kwa ncha kama pingili za mwanzi. Vimetulia. Nikahisi kama vyenyewe ndivyo vinavyonichungulia mimi.

"Kimeta," akasema. "Ulichimba wapi, Vitus?"

Nikamweleza. Mwazye, kwenye shamba la marehemu babu, kuna kipande kisicholimwa na mtu. Nyasi zake ni ndefu, mbichi hata kiangazi. Sisi Wafipa hufukia nyasi chini ya udongo, tukafanya matuta ya duara, zikaoza, ndipo tukapanda. Nyasi kama zile kwangu zilikuwa mali. Baba mdogo Adolfu alinikataza. Nikamcheka mbele ya watu: "Baba mdogo, unaogopa majani?" Wiki mbili zilizopita nilichimba peke yangu siku nne. Jembe likagonga mfupa, nikauvuta, ukanichana kidole.

Daktari akalikaza bomba lililokuwa likidondoka.

"Mwaka themanini na tatu nilisimamia kuzikwa kwa ng'ombe saba wa kimeta pale," akasema. "Nikaandika kwenye ripoti: ugonjwa umekwisha. Nikapanga mawe kuzunguka. Nani angekumbuka maana yake? Mawe yenyewe watu waliyachukua kujengea. Kijidudu hiki kikikosa damu kinajifunga ndani ya ganda, kinalala. Baridi, jua, ukame, hakijali. Mimi meno yamekwisha, macho yanakwisha. Chenyewe hakijazeeka hata siku moja." Akafunika hadubini kwa kitambaa. "Watu wanadhani utafiti ni kujua. Mimi nilijua. Sikurudi kuangalia."

Ndipo nikakumbuka. "Mama, kesho nimeita watu kumi na wanane wamalizie kipande kile. Pombe ya ulezi imeshaiva."

"Wanalima pekupeku?"

"Wengi."

"Sindano zitakuponya wewe. Wao nani atawaambia?"

"Nitasema nimeahirisha."

"Watakuja siku nyingine, wewe hupo. Kawaambie ulichokifanya, mwanangu, kama kilivyo."

Asubuhi niliwakuta shambani, majembe mabegani. Matuta yangu yalikuwa yamejipanga kama makaburi ya watoto.

"Shujaa huyo!" Christopha, jirani yetu mwenye bodaboda, akapiga kelele. "Mbona mkono umeviringishwa kama kichanga? Jembe limekung'ata?"

Wakaangua kicheko. Damu ilinichemka, mdomo wangu ulishakuwa na jibu la kumchoma. Nikalimeza. Niliwaeleza yote: mfupa, vijiti vya zambarau, ng'ombe saba. "Baba mdogo alinionya, nikamcheka mbele yenu. Nilikosea. Msikanyage hapa."

Hakuna aliyecheka tena. Upepo ulipita, zile nyasi ndefu zikainama taratibu, kama kitu kinapumua chini yake. Mmoja akarudi nyuma hatua, kisha wote. Wakamtazama baba mdogo Adolfu, aliyekuwa amesimama nyuma yao, wakingoja anisimange.

Yeye aliketi chini polepole, akapandisha mguu wa suruali. Juu ya kifundo palikuwa na doa jeusi, na ngozi imetuna kulizunguka.

"Wiki iliyopita nilikuja alfajiri kukuongezea matuta mawili," akasema bila kunitazama, "usije ukaaibika mbele za watu, kazi haijasogea. Kitu kikanichoma. Nikadhani nimekanyaga dawa ya mtu, nikanyamaza."

"Umemwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Ningengoja tu."

Nilimwinua kwa mkono wangu mzima. Mwili wake ulikuwa wa moto.

"Christopha! Washa pikipiki!"

Tukapanda watatu, baba mdogo katikati, tukaelekea mjini.