Video ya Orrin Isiyo na Sauti

Kazi yangu kwenye kongamano la mashabiki wa katuni za Kijapani hapa Milwaukee ni kukataa. Watu hukata vipande vya katuni wanazozipenda, wakavipanga juu ya wimbo, wakaleta video zao kushindania tuzo. Mimi huzipima moja moja kabla hazijafika ukumbini: ukubwa wa picha, rangi, kiwango cha sauti. Inayovuka kiwango hurudi kwa mwenyewe. Wameniita mchawi, wameniita mama mkwe, na sijali. Mwaka ambao hapakuwa na mpimaji, spika za hoteli tunamokutania ziliungua maonyesho yakiwa katikati.

Ya Orrin Szymanski sikuwahi kuirudisha. Huyu bwana ndiye aliyenifundisha kuhariri, na kazi zake zote zilikuwa safi. Mwaka huu faili lake lilipofika nikavaa vipokea sauti, nikavivua upesi. Sauti ilikuwa imepandishwa mpaka imepasuka, wimbo mzima umekuwa mkwaruzo. Cha ajabu, mikato ya picha ilikaa palepale penye mapigo ya ngoma, bila kukosea hata mmoja.

Nikampigia simu, hakupokea. Nikamwandikia, akajibu: njoo nyumbani. Nilibonyeza kengele mpaka mbwa wa jirani akachoka kubweka, kisha nikausukuma mlango. Orrin alikuwa amenipa mgongo mbele ya kompyuta, kiganja chake juu ya spika. Nilimwita. Nikamwita tena kwa nguvu. Hakugeuka.

"Tangu lini?" nilimuuliza nilipomgusa bega.

Aliutazama mdomo wangu. "Masikio yalikuwa yakififia kidogo kidogo. Krismasi yakazima kabisa. Na usilie, ukilia unakuwa na sura mbaya."

"Ya kwako ndiyo nzuri?"

Alikuwa akikata picha kwa kuangalia mchoro wa sauti kwenye kioo cha kompyuta, kila pigo la ngoma likionekana kama kilima. Vilima alivisoma sawasawa. Lakini alitaka pia kuupata wimbo mwilini, basi akawa anaupandisha mpaka meza itetemeke, na hivyo hivyo akalileta faili.

"Ishushe tu," nilimwambia polepole. "Nitakaa hapa hapa, nitakusikilizia."

"Utanisikilizia, halafu itakuwa ya nani? Yangu au yako?" Akashika kipanya, akaifuta sauti yote. "Hii ndiyo ninayoitazama mimi. Nayo ni ya mwisho, sitaleta nyingine. Ipeleke."

"Faili lisilo na sauti halipiti, Orrin."

"Najua. Sheria ni yako."

Curtis, mwenyekiti wa mashindano, aliniangalia kama niliyerukwa na akili. "Binti yangu ulimkatalia kwa kuzidisha sauti tone moja."

"Nilimkatalia, ndiyo. Na hii inaonyeshwa, au tafuta mpimaji mwingine."

"Angalau tuandike maelezo mwanzoni, watu waelewe."

Nilimfikishia Orrin. Akasema huruma ya kuandikwa hataki. Isitoshe, kwetu video huonyeshwa bila jina la mtengenezaji, ili watu wasipendelee rafiki zao, naye hakutaka utaratibu huo uvunjwe kwa ajili yake.

Kwetu pia, sauti ikikatika ukumbini, watu wote hugeukia chumba cha mitambo na kupiga kelele: sauti! Ni furaha yao, na kwa miaka mingi aliyekuwa akiwaongoza ni Orrin mwenyewe. Siku ya maonyesho nilikaa naye ubavuni. Picha yake ilipoanza, msichana akikimbia kwenye theluji, ukumbi ulisubiri kidogo tu.

"Sauti! Sauti!"

Orrin aliangaza huku na huku. "Wanasema nini?"

"Wanashangilia."

"Muongo mkubwa. Neno hilo nimelipaza mimi kuliko wote humu, nitashindwa kulijua midomoni mwao?"

Nilichukia. Nilisimama niwatukane wote, akanivuta mkono. "Kaa chini. Waache watazame."

Wakaendelea, kisha kelele zikapungua. Mikato ilikuwa ikidunda kwenye kioo, na nadhani kuna walioanza kuona ngoma isiyosikika, maana walianza kunyamazishana. Mpaka msichana anafika mlangoni kwao, ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Kioo kikawa cheusi.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Vipi?" Orrin aliuliza. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wangu.

Ndipo safu za nyuma zikaanza kushangilia kwa kukanyaga sakafu ya mbao kwa vishindo, na za mbele zikafuata. Nilikichukua kiganja chake nikakiweka juu ya kiti cha mbele yetu, kilichokuwa kikitetemeka. Alikiacha pale hata video iliyofuata ilipoanza, yenye sauti ya kiwango nilichokipitisha mimi.