Lenzi ya Kuzungusha kwa Mkono

Kamera ilikuwa mpya kabisa, lenzi ilikuwa ya enzi za filamu. Zilipounganishwa kwa pete ya chuma, kioo cha kamera kikaandika: hakuna lenzi.

"Umeona?" mjomba akacheka, ameegemea kaunta ya studio yake. "Hata kamera imeikana. Rudisha kabatini hilo zee."

Mpwa wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mbishi, hakugeuka. Akaingia kwenye mipangilio, akaiamuru kamera ipige hata kama inajiona haina lenzi. Kacha! Ikapiga.

"Inajiona haina, mjomba. Kama wewe unavyojiona una nywele."

Mjomba akaacha kucheka. "Haya. Mteja wa kwanza leo ni wako. Akinuna tu, lenzi naiuza, na wewe utapiga za pasipoti mpaka uzeeke."

Mteja wa kwanza akawa fundi cherehani wa jirani, mama mwenye mdomo usiojua likizo. Alitaka picha ya kuweka kwenye bango la duka lake. Akaketi, mkasi mkononi.

"Tulia shangazi, nizungushe." Lenzi ile haikujitafutia ukali wa picha, ilibidi uzungushe pete yake kwa vidole, taratibu, mpaka ukungu umtoke mtu usoni.

"Unazungusha nini, unafunga bomba?" Fundi akainama mbele kwa kicheko. Kacha!

Uso ukatoka ukungu mtupu. Lakini mikono! Hadi uzi ulionasa kwenye kucha ulionekana.

Mjomba akapiga kaunta kofi. "Naiuza!"

"Uuze nini wewe?" Fundi alikuwa ameshachungulia. "Kwani nguo nashona kwa pua? Naitaka hii hii."

Mjomba akanywea. Mwingine angeshukuru akafunga mdomo. Mbishi akakunja uso.

"Nimekosea, shangazi. Nilitaka macho. Kaa tena."

"Wewe, mteja karidhika!" mjomba akamnong'oneza. "Akiichukia ya pili, neno langu liko palepale."

"Karidhika yeye. Mimi bado."

Mjomba akamnyooshea lenzi mpya, ile inayojitafutia yenyewe. Mbishi akamwacha na mkono wake hewani. Akapiga goti, akazungusha, akasubiri. Fundi akalalamikia mgongo, akalalamikia kiti, kisha akamwinulia macho mjomba: "Na wewe toka hapo, unanizibia mwanga!"

Kacha!

Macho makali, kope moja moja, mdomo nusu wazi. Ukiitazama unajikuta umerudi nyuma hatua.

"Ndiye mimi huyu," fundi akasema, kwa mara ya kwanza taratibu. "Ila bangoni weka mikono. Huyu atanifukuzia wateja."

Mbishi akaichapa ile ya macho, kubwa. Akaenda kwenye dirisha la mbele, akaishusha picha ya mjomba wake aliyevaa suti, akampachika fundi.

"Ile iko pale tangu nifungue studio!"

"Ndiyo maana watu wanapita tu. Ukitaka kurudi dirishani, kaa hapo nikupige upya. Kwa lenzi hii."

Mjomba akafoka, akasonya, akazunguka kaunta. Kisha akavuta kiti.