Bibi Saba Kwenye Benchi

Jumanne asubuhi Evaresta wa Kibingo alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya vitambulisho, kwa mara ya nne, na ndizi mbili za kuchoma zikiwa zimefungwa kwenye kitenge. Karani aliitwa Aristides, kijana wa Muleba, mwenye shati lililonyooka kuliko barabara yoyote ya wilaya ile.

"Mama, hapa mpaka uko jirani," alisema. "Lazima tujue bibi yako mzaa baba alizaliwa upande gani. Lete anayemjua."

"Waliomjua wamekufa wote, mwanangu."

"Basi lete hata mmoja."

Evaresta akaona ni neno la maana. Bila kitambulisho, kibanja, shamba la migomba alichoachiwa na baba yake, kingeandikwa jina la binamu yake Gaudiosus, mtu ambaye akishika panga migomba inatetemeka.

Akarudi nyumbani, akatandika nyasi mpya sebuleni, akaweka kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mtu anayesubiri wageni. Kabla ya mchana bibi yake alitoka migombani alikozikwa, udongo mabegani. Alitafuna punje tatu, akalalamika kwamba siku hizi watu hawajui kuchemsha kahawa. Nyuma yake alikuja mama yake, kisha mama wa mama yake, hadi wakatimia saba. Wengine walitembea kutoka Igurwa na Kituntu, maana kila mmoja alizikwa kwa mumewe. Ndiyo sababu walichelewa.

Kesho yake walijaza benchi. Aristides aliwaamkia mmoja mmoja, shikamoo saba, marahaba saba, kisha akachukua kalamu.

"Bibi, jina?"

"Kemilembe. Nimezaliwa Kituntu. Aliyenizaa huyu hapa, muulize."

"Nilikuwa napalilia maharage," alisema mama yake. "Nikamaliza mstari kwanza."

"Nimewaelewa," alisema Aristides. "Ila fomu inataka mwanaume wa ukoo athibitishe."

Wakamwita babu. Alikuja na fimbo yake, amejipangusa udongo vizuri. Alikuwa ameishi na Kemilembe miaka arobaini na mmoja. Alipoulizwa jina la mkewe, alimtazama, akakuna kidevu.

"Mimi namwita Mama Protase."

"Na kabla Protase hajazaliwa?"

"Nilikuwa namwita 'wewe'."

Aristides akapuliza udongo uliodondokea karatasi, akaandika.

"Ameandika nini?" aliuliza Kemilembe.

Evaresta akamsomea: "Bibi mzaa baba, hajulikani."

"Nani huyo?"

"Wewe, bibi."

Kemilembe akasogea kidogo, babu apate pa kukaa.

Siku hizi wanakuja kila Jumanne. Ofisi imeongeza benchi la pili. Gaudiosus ameshaanza kukata migomba ya upande wa juu, palepale kwenye kaburi la Kemilembe, ambaye Jumanne huwa hayupo nyumbani.